Kwa Nini Ayeyo Bado Anasema "Naenda Kenya"

Wiki iliyopita niliweka video ya sekunde ishirini nikishuka kwenye basi hapa Habaswein, vumbi hadi kwenye kope, nikasema kile ambacho kila mtu hapa husema akirudi kutoka Nairobi: "Nimetoka Kenya salama." Nilidhani watu watacheka hilo vumbi. Jina lenyewe la mji, kwa Kisomali, ni vumbi jingi, hatujaficha kitu. Asubuhi nikaamkia matusi. "Kwani hapo uko ni nchi gani?" "Rudini Somalia basi." "Mnakula ushuru wetu halafu mnajitenga." Halafu kulikuwa na mmoja aliyeniuma kuliko wote kwa sababu aliuliza kwa upole: "Ndugu yangu, mimi ni wa Nyeri, sina ubaya. Naomba tu kuelewa, mbona mnaongea hivyo?"

Basi posti hii ni ya huyo wa Nyeri. Ni ndefu, chukua chai.

Nianze na hili: hilo neno sikulibuni mimi. Ayeyo wangu, yaani bibi yangu mzaa mama, akipelekwa hospitali Nairobi husema anaenda Kenya. Dereva wa lori la ng'ombe husema hivyo. Chifu, mtu wa serikali kabisa, mwenye bendera ofisini, naye akijisahau husema hivyo. Hakuna hata mmoja wao anayehubiri kujitenga. Ni jina la mahali tu, kama vile mtu wa Lamu anavyosema anaenda bara na hakuna anayemshtaki kwa uhaini.

Lakini jina halitoki hewani. Mimi naamini kwamba hatukujifunza kusema hivyo kutoka Somalia. Tulifundishwa na serikali ya Kenya yenyewe, ya mkoloni na hizi zilizofuata, kwa karatasi, moja baada ya nyingine. Mtu akikuambia kwa miaka sitini kwamba huwezi kuvuka mstari bila pasi, utautafutia upande wa pili wa mstari jina. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo msinitarajie kuwa profesa, lakini hizo karatasi nimezisoma na nitawaonyesha.

Reli ya Waingereza ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka uliofuata, 1902, ikatungwa sheria ya wilaya za pembeni, iliyompa mkoloni uwezo wa kufunga eneo ili mtu asiingie bila kibali. Ziweke hizo tarehe mbili pamoja. Upande mmoja wa nchi unafunguliwa kwa chuma, upande mwingine unatengenezewa kufuli.

Kufuli lenyewe lilifungwa mwaka 1926, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita NFD, ilipotangazwa kuwa eneo lililofungwa. Kuingia pasi, kutoka pasi. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine, kali zaidi: afisa aliweza kulitangaza kabila zima kuwa adui, akakamata watu na mifugo yao, hata kama aliyekosea ni mtu mmoja. Adhabu ya mwizi analipa ukoo.

Najua huyo wa Nyeri atasema, "Lakini sisi mkoloni alitunyang'anya ardhi, akatufungia kambini." Kweli kabisa, na sipunguzi uchungu wa mtu. Tofauti ni kwamba mzungu akikunyang'anya shamba la kahawa, anahitaji barabara ya kuitoa hiyo kahawa, anahitaji karani anayejua kusoma, na wamisheni wanamfuata nyuma na shule. Wizi ule uliacha vitu ambavyo wajukuu walikuja kuvitumia. Huku hakuona cha kuiba. Alichotaka ni nafasi tupu kati yake na Wahabeshi kaskazini, na kati yake na Waitalia mashariki. NFD ilikuwa ukuta, na hakuna mtu anayeujengea ukuta shule.

Kuna karatasi moja ya uchumi ambayo watu hawaizungumzii sana, nayo ni karantini ya mifugo. Ng'ombe wa kaskazini walizuiwa kuteremka kusini kwa miaka na miaka, ati wana magonjwa. Magonjwa yalikuwepo, sikatai. Lakini waliokuwa wanakingwa ni walowezi wenye ranchi zao, na ng'ombe wa mlowezi hakutakiwa kushindana na ng'ombe wa bei rahisi kutoka Wajir. Sasa fikiria mali yako yote ina miguu minne, halafu serikali inasema miguu hiyo isivuke mstari. Dalali yeyote pale soko la mifugo la Garissa, ambalo leo ni kati ya masoko makubwa Afrika Mashariki, atakuambia mnyama asiyefika sokoni si mali, ni mdomo wa kulishwa.

Na hawa wanaotuambia turudi Somalia, wacha niwape kichekesho kidogo. Hadi mwaka 1925 Kismayu ilikuwa Kenya. Kismayu, mji wa bandari, na Jubaland yake yote. Waingereza waliwapa Waitalia kwa mkataba wa 1924 kama shukrani ya vita vya kwanza vya dunia. Watu hawakuhama, mpaka ndio uliohama, na ndugu wa tumbo moja wakajikuta mmoja wa Mwingereza na mwingine wa Mwitalia. Kwa hivyo ukisema "rudi", nionyeshe kwanza mahali tulipotoka.

Sasa tufike 1962, kwa sababu ndipo wengi wanapoanzia na kumalizia. "Nyinyi mlitaka kujiunga na Somalia." Ndiyo, walitaka. Uhuru ukikaribia, Waingereza walituma tume ya watu wawili, mwanasheria wa Nigeria na jenerali wa Kanada, wakazunguka wilaya zote sita za NFD: Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Wakasikiliza mabaraza. Walichokuta ni kwamba Wasomali, karibu wote, walitaka kuungana na Somalia iliyokuwa imepata uhuru 1960, na baadhi ya majirani zetu, hasa upande wa Marsabit na Moyale, walitaka kubaki. Ukijumlisha, waliotaka kuondoka walikuwa wengi. Hata kwenye mkutano wa katiba kule Lancaster House, London, mwaka huo huo, Abdirashid Khalif wa Wajir alikuwepo akidai hilo hilo mbele ya wakubwa.

Kenyatta na wenzake wa KANU hawakutaka kusikia. Na hapa KADU, ambao walikuwa wanapigania majimbo kwa nguvu zote, nao walikataa nchi isikatwe. Mnaona? Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Machi 1963 Waingereza wakatoa jibu: mtabaki Kenya, lakini mtapewa jimbo lenu wenyewe, la saba. Somalia ikakasirika hadi ikavunja uhusiano na Uingereza. Jimbo la Kaskazini Mashariki likaandikwa kwenye katiba pamoja na Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza na Magharibi. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake na mamlaka yake juu ya mambo kama elimu na ardhi. Nikisoma hii huwa nasimama kidogo. Miaka thelathini na saba ya kufungiwa, halafu ghafla unapewa, kwa maandishi, kile ambacho leo kaunti zinakililia.

Na wazee wetu wakasusia. Uchaguzi wa Mei 1963 watu wa huku hawakupiga kura. Jimbo likazaliwa bila wabunge wake, likabaki mikononi mwa maafisa wa serikali. Mimi nafikiri walikosea, na nimegombana na abti yangu juu ya hili hadi chai ikapoa. Yeye anasema ukikubali kiti umekubali nyumba. Mimi nasema mtu akikupa bunge, chukua bunge, mengine mtabishana mkiwa ndani. Abti akanimaliza na swali moja: "Na hao sita waliokubali, majimbo yao yalidumu muda gani?" Alikuwa sahihi. Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri na majimbo yakazikwa. Mwaka mmoja tu. Kwa hivyo tulisusia karamu ambayo hata walioalikwa hawakula.

Lakini wengine walikosa karamu tu. Sisi tulipata bunduki. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa akiwa na chifu Haji Galma Dido. Walikuwa upande wa kubaki Kenya. Ndugu yangu wa Nyeri, ukipita katikati ya Nairobi kuna mtaa unaitwa Wabera Street, pengine umepanda matatu pale mara mia. Ni yeye huyo. Halafu Desemba 1963, nchi ikiwa na umri wa wiki mbili, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Vita vya shifta vikaendelea hadi Oktoba 1967, Kenya na Somalia zilipopatana Arusha mbele ya Rais Kaunda wa Zambia.

Ayeyo alikuwa msichana mdogo. Hapendi kuzungumza mambo ya wakati ule, na akizungumza hazungumzii siasa. Anazungumzia ngamia. Anasema watu walikusanywa wakae pamoja kijijini chini ya ulinzi wa jeshi, na ngamia hawezi kukaa kijijini, anatakiwa atembee kutafuta malisho. Akifungiwa anakufa, akiachwa atembee anapigwa risasi kwa sababu mwenye ngamia anahesabiwa kuwa shifta. Anawataja kwa majina yao hadi leo, ngamia kumi na mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa benki ya familia yetu. Mwaka 1970 bunge la Nairobi likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa yaliyofanyika huku kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Kwa hivyo hata ukiwa na jina la aliyepiga risasi, hakukuwa na mahali pa kulipeleka.

Karatasi ninayoiona mbaya kuliko zote lakini haina damu hata tone. Ni ile sera ya 1965 ya ujamaa wa Kiafrika na mipango ya nchi, iliyotoka wizara ya Tom Mboya. Humo waliandika kwamba pesa za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa zaidi, na wakaeleza ni wapi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Baba yake Barack Obama alikuwa mmoja wa walioikosoa sera hiyo hadharani mwaka huo huo, ingawa kwa hoja zake nyingine.

Isome polepole. Ardhi nzuri na mvua, hapo Mungu ndiye aliyetunyima, sawa. Barabara na umeme, hapo aliyenyima ni mkoloni aliyefunga mlango, na sasa kunyimwa kwa jana kunakuwa sababu ya kunyimwa leo. Watu walio tayari, hapo ndipo tusi lilipo, kwa sababu wakati hiyo inaandikwa watu wenyewe wako chini ya hali ya hatari. Ahadi ilikuwa kwamba sehemu tajiri zikishiba zitawamegea wengine. Shamba la chai likapata lami ili lizae, likazaa, likapata lami nyingine kwa sababu linazaa. Ni mpango unaofanya kazi vizuri sana kwa aliye ndani.

Ndiyo maana huwa nakataa nikisikia ati tofauti kati ya Kenya na sisi ni ya hali ya hewa na utamaduni. Ukame ni kweli. Tulikosa misimu mitano ya mvua mfululizo kuanzia 2020 hadi mwanzo wa 2023, njia nzima ikawa mizoga. Kuhamahama ni kweli. Lakini nyumba ya kwanza ya biashara iliyoifanya Eastleigh kuwa Eastleigh inaitwa Garissa Lodge. Ilikuwa gesti, vyumba vikageuzwa kuwa maduka. Watu hao hao "wasiopokea maendeleo", wakivuka mstari tu na kupata umeme na wateja, wamejenga soko ambalo nusu ya Afrika Mashariki inanunua nguo. Utamaduni ulikuwa ule ule, Kisomali kile kile, swala zile zile tano.

Nitapita haraka kwa Wagalla, si kwa sababu ni ndogo bali kwa sababu wapo wanaoikumbuka kwa miili yao na mimi si wa kuwasimulia. Februari 1984 wanaume wa Kidegodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na mji wa Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa, wakauawa. Serikali ilisema 57. Walionusurika wanasema maelfu. Ripoti ya tume ya ukweli na haki ilitoka 2013, imekaa kabatini. Hali ya hatari yenyewe ilikuja kuondolewa mwaka 1991. Yaani mtu aliyezaliwa Wajir siku ya uhuru alifika miaka ishirini na saba bila kuishi hata siku moja chini ya sheria za kawaida za Kenya. Huyo leo ni baba wa rafiki zangu.

Na 1989, Wasomali wote wa Kenya walio watu wazima waliagizwa wajipange wachujwe, wapewe kadi ya pili ya kuonyesha kwamba ile ya kwanza si ya uongo. Abti anayo bado. Ameiweka kwenye bahasha pamoja na cheti cha shule.

Mimi mwenyewe nilipofika miaka kumi na nane nilienda kuchukua kitambulisho. Nikaketi mbele ya kamati. Baba yako nani, babu yako nani, wa ukoo gani, kisima cha kwenu ni kipi. Nikarudi tena. Nikarudi tena. Wakati huo marafiki niliowapata mtandaoni, watu wa Thika na Nakuru, walipeleka cheti cha kuzaliwa wakasubiri simu. Kuna wenzangu wabaya zaidi kuniliko, watoto ambao wazazi waliwaandikisha kama wakimbizi Dadaab wakati wa njaa ili wapate mgao wa unga. Alama za vidole zikabaki kwenye mashine, wakawa wageni nchini mwao kwa sababu ya unga. Februari 2025 Rais Ruto alikuja Wajir akatia saini kuondoa huo mchujo. Watu walipiga vigelegele kweli. Mimi pia nilifurahi, lakini nilijiuliza, tunashangilia nini hasa? Tunashangilia kupewa foleni sawa na ya mtu wa Nyeri, miaka sitini na moja baada ya uhuru.

Sasa ugatuzi. Katiba ya 2010 ilituletea kaunti 47, na uchaguzi wa kwanza wa magavana ukawa 2013. Safari hii hatukususia, tulipanga foleni usiku. Mgao wa kwanza ulipigwa hesabu hivi: asilimia 45 idadi ya watu, 25 sawa kwa kila kaunti, 20 umaskini, 8 ukubwa wa ardhi, 2 nidhamu ya matumizi. Kwa mara ya kwanza umaskini wetu na umbali wetu vilihesabiwa kama sababu ya kupewa badala ya sababu ya kunyimwa. Ile sera ya 1965 ilipinduliwa kichwa chini, angalau kwenye karatasi. Mji wa Wajir, ulio makao ya serikali tangu ukoloni, ulipata barabara zake za kwanza za lami baada ya hapo. Kabla ya hapo lami kubwa iliyokuwepo ilikuwa ya kutua ndege za jeshi.

Mwaka 2020 wengine wakataka hesabu ibadilishwe. "Mtu mmoja, kura moja, shilingi moja." Inasikika tamu. Lakini Wajir ni zaidi ya kilomita za mraba 55,000, karibu sawa na nchi nzima ya Togo. Gari la wagonjwa la Kiambu na la Wajir hayanywi mafuta sawa kwa mgonjwa mmoja. Maseneta wakavutana wiki baada ya wiki, kura zikashindikana, watatu wakakamatwa na polisi siku moja ya Agosti. Wajir, Mandera na Garissa zilikuwa kati ya zile zilizokuwa zipoteze pesa nyingi kabisa. Iliisha Septemba kwa kuongeza chungu kutoka bilioni 316.5 hadi 370 ili asipoteze mtu. Na hata tukihesabiwa watu, hatuaminiwi: sensa ya 2009, matokeo ya wilaya nane yalifutwa, zote za kaskazini, ati tumezaana kupita kiasi.

Nimesema mengi juu ya Kenya. Sasa wacha niseme juu yetu, na najua hapa nitapoteza wafuasi wa nyumbani.

Wao wanatuita warya na walalo. Sisi tunawaita nywele ngumu. Mwalimu wa Kisii anakuja kufundisha watoto wetu kemia kwenye jua hili, na watoto wanamwita nywele ngumu sokoni, na watu wazima wanacheka. Halafu al-Shabaab wakaanza kuwachinja. Basi la Mandera Novemba 2014, watu 28, wengi wao walimu. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148. Kamuthe, Januari 2020, walimu watatu. Mwaka huo tume ya walimu ikawaondoa wasio wenyeji. Nilikuwa kidato cha pili, na darasa letu likakaa bila mwalimu wa kemia wala fizikia. Siwalaumu walioondoka, mimi ningekimbia kabla ya kuandikiwa barua. Lakini mtihani ulikuja ule ule, wa Nairobi na wa Habaswein, karatasi moja. Hao wauaji hawakuwa sisi, lakini sijui kama tuliwapa hao walimu sababu ya kutaka kurudi.

Na siasa zetu. Kabla ya kura, wazee wa koo wanakaa chini ya mti wanagawana viti: ukoo huu ugavana, ule useneta, ule ubunge. Wanasema inazuia damu, na kuna ukweli, wengi hapa wamezika watu kwa sababu ya uchaguzi. Lakini kijana hayupo kwenye ule mkeka, na mwanamke kabisa hayupo. Ilichukua hadi 2017 ndipo mwanamke, Sophia Abdi Noor wa Ijara, akashinda ubunge wa eneo katika Kaskazini Mashariki nzima.

Kubwa zaidi kwangu ni maji. Habaswein iko juu ya maji matamu ya ardhini, hifadhi ile ya Merti inayoanzia Isiolo, ikapita chini yetu hadi Dadaab na kuelekea Somalia. Mji wa Wajir, zaidi ya kilomita mia kutoka hapa, visima vyake vifupi vimechafuka kwa sababu maji yako karibu sana na uso wa ardhi. Choo cha shimo hakichimbiki, watu wametumia choo cha ndoo miaka na miaka. Ukaja mpango wa kuvuta maji ya Habaswein kwa bomba hadi Wajir. Wakubwa wakasema wengi wako Wajir, pesa itazaa zaidi kule. Watu wa hapa wakapinga, wakiogopa kwamba ukivuta sana maji matamu, ya chumvi yaliyo pembeni yatasogea na kuingia visimani, na ngamia wao watakunywa nini.

Nilipowasikia wale wataalamu wakieleza kwa nini maji yaende penye watu wengi, nilihisi nimeshaisoma mahali. Ni 1965 ile ile, ila safari hii inasemwa kwa Kisomali, na mstari umechorwa kati ya Habaswein na Wajir. Na mimi sina jibu jepesi, kwa sababu shangazi yangu yuko Wajir na nimeiona hiyo ndoo. Kuna mzee hapa sokoni, muuza maziwa ya ngamia, siku hizi akipanda gari kwenda makao makuu ya kaunti husema anaenda "serikalini". Hasemi Wajir.

Jana jioni nilimsomea Ayeyo swali la yule ndugu, nikamtafsiria. Akauliza Nyeri iko wapi. Nikamwambia karibu na mlima. Akauliza kama kuna malisho. Nikasema mengi, na mvua pia. Akauliza kama huko watu wanaulizwa kisima cha babu yao wakitaka kitambulisho. Nikasema hapana. Akanyamaza akitafuta tasbihi yake, kisha akasema mwambie aje, basi linatoka Eastleigh jioni, na akifika kizuizi cha Garissa aangalie ni nani anayeambiwa ashuke.

Ndugu yangu wa Nyeri, nauli nitachangia. Njoo na nguo za rangi ya vumbi.